Mbwa Kahamia Pwani Kutoka Bara: Anaumwa Nini?

Mtu akihamishwa kikazi kutoka Iringa, Njombe au Lushoto kwenda Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, na mbwa wake akaanza kubadilika, majirani wote watampa jibu moja: ni hali ya hewa, atazoea. Mara nyingine ni kweli. Lakini mbwa wengi wamefia ndani ya hilo "atazoea", kwa sababu joto la Pwani husingiziwa mambo ambayo si yake. Joto linaumiza ndani ya saa chache. Kupe anahitaji siku, na mbu anahitaji miezi. Kwa hiyo kabla hujauliza mbwa ana nini, hesabu kwanza ni siku ngapi zimepita tangu ashuke kwenye gari. Dalili zilizo hapa chini zinakwenda kwa hesabu hiyo, ingawa chache zinaweza kutokea siku yoyote.

Vitu viwili viwe karibu. Cha kwanza ni kipimajoto cha dijitali, hikihiki cha binadamu kinachouzwa duka la dawa. Kipake mafuta kidogo, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Mbwa mzima ana nyuzi kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukisoma 38.8, kwako ni homa, kwake ni uzima. Cha pili ni tochi ya simu. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi mpaka iwe nyeupe, kisha achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Mwenye fizi nyeusi za asili, vuta kope la chini uangalie ndani yake. Anza kufanya hivi ukiwa bado huko bara, ili umjue mbwa wako alivyo akiwa mzima.

Anatoa udenda na kutapika njiani, anafika hoi

Kona za Kitonga, kwenye barabara ya kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam, zinawatapisha hata watu. Mbwa aliyelishwa asubuhi ya safari atamwaga chote kabla hamjafika Ruaha Mbuyuni. Chakula cha mwisho kiwe cha jioni iliyotangulia, maji mpe kidogokidogo kila mnaposimama. Dawa ya usingizi usimpe kwa kubahatisha: mbwa aliyeleweshwa hahemi sawasawa, na njia yake ya kujipooza ni kuhema.

Kutoka Kitonga mnashuka kwenye bonde la mibuyu na vitunguu, na joto linapanda ghafla. Hapo ndipo mbwa waliowekwa kwenye buti la basi hupata taabu, maana kule chini hakuna hewa na kuna moto wa injini. Kama huna gari, ni afadhali uchangie nafasi kwenye gari dogo au ulipie pikapu yenye turubai na upepo. Barabara hiyohiyo inakata Hifadhi ya Mikumi, na Mikumi kuna mbung'o. Funga vioo kipande hicho hata kama mnatokwa jasho. Anayetoka Nakuru au Limuru kwenda Mombasa afanye vivyo hivyo akipita Tsavo. Sababu utaiona kwenye habari ya macho.

Mbwa akifika akalala kutwa nzima, mwache. Akifika anayumba, fizi zimeiva nyekundu na joto limepita 40, soma habari ya kuhema hapa chini mara moja.

Karatasi pia zinaweza kukukwamisha njiani. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kwa afisa mifugo wa unakotoka. Chanjo ya kwanza ichomwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari, kwani mwili unahitaji kama wiki tatu kujenga kinga.

Anahema bila kukoma (saa na siku za mwanzo)

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipooza kwa kukausha mate kwenye ulimi na njia ya hewa. Njombe hewa ni kavu na baridi, mate yanakauka haraka. Tanga mwezi wa pili hewa yenyewe imejaa maji, mate hayakauki, na mbwa anahema bila kupata nafuu. Ndiyo maana mbwa anaweza kuzidiwa siku ambayo wewe unaona joto ni la kawaida tu, tena kivulini.

Kuhema kwa kuzoea kunaonekana hivi: anahema mchana, usiku anatulia, anakunywa maji, anakula jioni, ukimwita anakuja. Hali hii huanza kupungua baada ya wiki mbili hivi. Kuzoea kabisa kunaweza kuchukua hadi miezi miwili. Katika kipindi hicho matembezi yawe alfajiri na usiku. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami au mchanga. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Banda la bati lisilo na dari ni tanuri, liezeke makuti juu yake au mhamishie barazani. German Shepherd na wenzake wenye manyoya ya tabaka mbili usiwanyoe mpaka ngozi, kwa kuwa manyoya hayo huzuia pia jua. Wachane tu, yatoke yaliyokufa.

Kuhema kwa hatari kunafanana na huko kwa dakika chache za mwanzo, halafu kunageuka. Ulimi unapanuka na kuiva, mate yanakuwa mazito na yanavutika, anayumba, anatapika, haitiki. Kipimajoto kinasoma 41 na kuendelea. Hapo usianze kutafuta bajaji. Mpooze kwanza, ndipo msafiri. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, yafike kwenye ngozi ya tumbo na mapaja, mpepee kwa feni au kwa kipande cha boksi, endelea kumwaga. Taulo lililoloweshwa na kuachwa juu yake linashika joto, liondoe. Ikishuka kufika 39.5 acha kumwagia, maana itaendelea kushuka yenyewe. Daktari wa mifugo amwone hata kama ameinuka na kutikisa mkia, kwa sababu figo na damu huharibika kimyakimya siku moja au mbili baadaye.

Mbwa wenye pua bapa, kama Boxer na Pug, wako kwenye hatari kubwa zaidi. Ushauri wangu kwa mwenye Pug anayehamia Pwani Desemba ni kusubiri mwezi wa sita, kama mwajiri anaruhusu.

Hanywi maji, hali chakula

Kwa siku mbili tatu za mwanzo, kususa chakula ni ugeni tu. Mpe kile alichokizoea, uji wa dona au ugali na dagaa, hata kama nyumba mpya ina makombo bora zaidi ya samaki. Kubadilisha kufanywe kidogokidogo kwa wiki nzima.

Kususa maji kuna sababu ambayo wageni huichelewa kuijua: visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi. Onja mwenyewe. Mbwa aliyekulia kwenye maji ya mlimani ataramba mara mbili na kuondoka, na kwenye joto hilo hana akiba ya kususia. Mnunulie maji ya dumu ya kunywa, au ukinge maji ya mvua.

Anaharisha

Kuharisha bila damu ndani ya siku tatu za kufika, huku mbwa akiwa mchangamfu, kunatokana na safari, maji na chakula. Mpe wali mlaini na kuku wa kuchemsha asiye na viungo, na maji tele. Kwa mbwa mtoto hadithi ni nyingine. Akitapika na kuharisha damu yenye harufu kali, hasa kati ya siku ya tatu na ya kumi na nne, fikiria parvo. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, na uwanja uliorithi kwa mpangaji aliyetangulia huenda ulikuwa na mbwa aliyekufa kwayo. Hapo ni dripu kwa daktari siku hiyohiyo, si kesho.

Alishazoea, sasa kalegea tena (wiki ya pili hadi ya nne)

Hapa ndipo "atazoea" inapoua. Mbwa alihema wiki ya kwanza, akatulia, mkafurahi. Siku ya kumi na mbili au ya ishirini hainuki. Anaangalia bakuli, anageuza uso. Ana nyuzi 40.3 asubuhi na mapema, wakati baraza bado lina umande. Joto la mchana halimfuati mtu mpaka alfajiri. Hii ni homa ya kupe mpaka daktari athibitishe vinginevyo.

Kupe wa kahawia wa mbwa hupatikana hata bara, lakini ukanda wa joto ndio raha yake, na ana tabia ambayo kupe wa ng'ombe hana: anaishi nyumbani. Jike akishiba anavimba kama mbegu ya nyonyo, anamwachia mbwa, kisha anapanda ukuta. Ukimulika tochi usiku kwenye kona ya baraza, kwenye ufa kati ya fremu ya mlango na plasta, utamkuta amejibana hapo akitaga mayai maelfu. Kwa hiyo nyumba uliyohamia inaweza kuwa na kupe wenye njaa hata kama haijawa na mbwa kwa miezi kadhaa.

Magonjwa makubwa anayoyaleta ni mawili. La kwanza ni ehrlichia, inayojitokeza kati ya siku 8 na 20 baada ya kuumwa. Dalili zake ni homa, macho yenye matongo, damu puani bila kujigonga, na vidoa vyekundu vidogo kwenye ngozi ya tumbo visivyopotea ukivibonyeza. La pili ni babesia, ambayo hupasua chembe za damu. Fizi zinakuwa nyeupe, baadaye manjano, na mkojo unatoka wa kahawia iliyokolea. Mfuate asubuhi akikojoa, umkingie kopo jeupe uone rangi. Mbwa anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana kipimo cha damu kwenye darubini kina thamani kuliko sindano ya kukisia.

Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa muda wa wiki nne hivi. Siku ya tatu mbwa anakimbia uani, siku ya tano mwenye mbwa anaacha kumpa vidonge, na miezi michache baadaye mbwa anarudi akiwa na damu isiyoganda. Maliza dawa. Vidonge umpe na chakula, vinginevyo atavitapika.

Usimpe Panadol, Diclofenac wala Brufen kwa ajili ya homa. Hizo ni dawa zetu. Kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuharibu figo au ini. Pia jihadhari na chupa za duka la mifugo. Ivermectin ya ng'ombe (dawa ya minyoo na wadudu) ya asilimia 1 imepimwa kwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito, na mkono ukiteleza kidogo tu mbwa wa kilo 12 amezidishiwa mara kadhaa. Mbwa wa ukoo wa Collie, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayoifanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina vipimo vyake. Mwambie muuzaji kwamba ni ya mbwa, mtajie na kilo.

Kinga ni kazi ya pande mbili. Kwa mbwa tumia kidonge, matone au kola ya kupe ambayo daktari anaifahamu, ukianza kabla ya safari. Kwa nyumba ziba nyufa, pulizia kona za baraza na banda, choma matandiko ya zamani, na rudia baada ya wiki chache kwa sababu mayai hayafi yote. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, chini ya kola na kati ya vidole. Kupe umng'oe kwa kibano karibu na ngozi, moja kwa moja. Mafuta ya taa na kijinga cha sigara vinamfanya kupe atapikie ndani ya kidonda.

Uvimbe wenye tundu kwenye ngozi

Uvimbe mmoja au zaidi, kama chunusi kubwa, tumboni, kwenye mapaja au korodani, na katikati kuna tundu dogo lenye unyevu. Tazama kwa subira: ndani ya tundu kuna kitu kinapanda na kushuka. Ni funza wa nzi wa maembe, yuleyule anayefanya watu wapige pasi nguo zilizoanikwa. Hutaga kwenye mchanga wenye kivuli na matandiko yenye mkojo, na mtoto wake huingia mwenyewe kwenye ngozi. Paka Vaseline nene juu ya tundu, ngoja nusu saa, funza atasogea kutafuta hewa. Kisha kamua taratibu kutoka pembeni kwa vidole viwili gumba. Ukimpasua ndani, kidonda kitaoza. Safisha, na kausha matandiko juani.

Mbwa akichechemea na kujitafuna kati ya vidole, angalia tekenya. Huyo hung'olewa kwa sindano safi.

Jicho

Jicho moja limefumba ghafla, linatoka machozi, na dakika chache kabla alikuwa akibwekea kitu kwenye ua au rundo la matofali: swila kamtemea. Mwagilia maji safi jichoni dakika 15 nzima, mbwa ashikwe na mtu wa pili. Kama maji hayapo, maziwa yanafaa. Kisha daktari apime kama kioo cha jicho kimechubuka.

Macho yote mawili yakipata ukungu wa bluu au weupe polepole, pamoja na homa na uso kuvimba, rudi kwenye kumbukumbu ya safari. Vioo vilikuwa wazi Mikumi? Mmehamia karibu na Saadani au Shimba Hills? Ugonjwa wa mbung'o, ule wa nagana wa ng'ombe, humkamata na mbwa, na usipotibiwa humwua ndani ya wiki chache. Mwambie daktari mlikopita. Asipoambiwa, atatibu jicho tu.

Ametoka ufukweni, miguu ya nyuma haimshiki

Mbwa wa bara hajui bunju. Samaki huyo akitupwa na maji kupwa, amekauka na kuvimba, mbwa mgeni anamtafuna. Sumu yake inalegeza misuli, kuanzia udenda na kutapika hadi kushindwa kupumua, na haina dawa ya kuiondoa. Mkimbize kwa daktari, na mjulishe alichokula. Mbwa aliyekunywa maji ya bahari kidogo kwa kawaida hutapika na kuharisha tu. Mpe maji yasiyo na chumvi kidogokidogo. Wiki za kwanza ufukweni atembee na kamba.

Analia usiku, anatoroka, majirani wananung'unika

Mbwa aliyetoroka wiki ya kwanza harudi kwenye nyumba mpya, anatafuta ya zamani. Asifunguliwe bila kamba kwa wiki mbili, na kila siku mzungushe mtaani kwa njia ileile mpaka aijue. Namba yako ya simu iandikwe kwenye kola mpya kabla hamjaondoka bara.

Kilio cha usiku kinapungua akilala karibu na dirisha unalolala. Wapo wanaolia pamoja na adhana. Hilo si ubaya wala dalili yoyote, ni sauti ndefu inayomwitisha, lakini usiliache. Mwingize ndani muda huo, mpe mfupa wa kutafuna.

Na mgeni wa Pwani aelewe jambo hili mapema. Majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wako akimrukia mzee anayekwenda sala ya alfajiri, hata kwa furaha, umemrudisha nyumbani kubadilisha kanzu na huenda amekosa sala ya jamaa. Hakuna aliyekuchukia. Jenga ua kabla ya mbwa kufika, mbwa asifike kisimani, na saa za alfajiri awe amefungwa upande usio wa njia. Kisha piga hodi kwa jirani wa kushoto na wa kulia na kwa mjumbe, uwaambie, "Shikamoo, mzee. Nina mbwa, amechanjwa, hatatoka nje. Likitokea la kutokea, nijulishe mimi." Maneno hayo yanafanya kazi kuliko geti la chuma.

Anakohoa, anachoka haraka (miezi sita na zaidi)

Mbu wa Pwani husambaza minyoo ya moyo. Hukomaa kwa miezi sita au saba, kwa hiyo kikohozi cha mwaka wa kwanza mwishoni hakina uhusiano na vumbi la safari. Ipo kinga ya kila mwezi, iulizie mapema. Mbwa aliyekwisha kukaa Pwani muda mrefu apimwe damu kabla ya kuianza.

Amegeuka tabia

Mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole kupita kiasi. Anang'ata mawe na mbao, sauti imekwaruza, anashindwa kumeza, mate yanamwagika, anajificha gizani. Hili lisipewe jina la ugeni hata siku moja. Kichaa cha mbwa kwa kawaida hukaa mwilini wiki tatu hadi nane, wakati mwingine miezi, ndipo kionekane. Mbwa anaweza kuwa aling'atwa Iringa na kuugulia Tanga.

Usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliomkwama. Mtu anaweza kuambukizwa hivyo. Mfungie chumba chenye mlango imara na mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa penye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Asisubiri mbwa afe. Mbwa aliyemng'ata mtu akiwa bado anaonekana mzima hufungwa na kuangaliwa siku 10, lakini sindano za mtu zinaanza siku ya kwanza, na zitasimamishwa tu kama mbwa yu hai na mzima baada ya hizo siku 10. Akifa au ikibidi auawe, asipigwe kichwani wala asizikwe kabla afisa mifugo hajafika, kwa sababu kipimo huchukuliwa kwenye ubongo.